Kura za Maoni: Nani Aliulizwa, Naye Alijibu Mbele ya Nani?

(Hotuba ya wakili mmoja mbele ya semina ya waangalizi wa uchaguzi na walimu wa elimu ya uraia.)



Nimeombwa niseme juu ya kura za maoni, na kwa nini mara nyingi hazilingani na kura zenyewe. Mimi si mtaalamu wa takwimu. Hesabu niliiacha katika shule ya upili bila majuto yoyote, nikakimbilia sheria nikidhani kwamba huko hakuna desimali. Nilijidanganya. Tangu uchaguzi wa 2013 sijashika kesi ya uchaguzi ambayo haikuja na tarakimu, na nusu ya wateja wangu huingia ofisini wakiwa na gazeti mkononi, kidole juu ya asilimia fulani, wakiniambia, "Wakili, hapa tulikuwa tumeshinda."

Niruhusuni nianzie mbali kidogo.

Mwaka wa 1988 nilikuwa mtoto wa miaka minane. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinishika mkono tukaenda katika uwanja wa shule yake mwenyewe, ambako watu walikuwa wamejipanga katika mistari mitatu nyuma ya picha za wagombea. Ule ndio uliokuwa mlolongo wa uteuzi wa KANU. Kanuni ilisema kwamba mgombea aliyepata asilimia 70 ya waliojipanga amepita bila kupingwa, wala hakuna haja tena ya kura ya siri. Viongozi wa makanisa waliupinga mtindo huo tangu ulipotangazwa, na vilevile wanasheria. Hawakusikilizwa hadi chama kilipouacha chenyewe mwishoni mwa 1990. Mimi siku hiyo sikujua lolote kati ya hayo. Niliona tu kwamba baba alisimama katika mstari mrefu, akiangalia viatu vyake. Usiku nilimsikia akimweleza mama kwa sauti ya chini kwamba mtu aliyemtaka alikuwa na mstari mfupi ule wa kando, lakini chifu alikuwa akipitapita na daftari.

Sasa jiulizeni: kama jioni ile kijana nadhifu, mwenye kalamu na karatasi, angalibisha mlango wetu na kumwuliza baba, "Mwalimu, wewe unamwunga mkono nani?", baba angalijibu nini? Angalijibu vile alivyosimama. Na karatasi ya kijana yule ingalikuwa sahihi kabisa kama kumbukumbu ya maneno ya baba, na ya uongo mtupu kama habari ya moyo wake.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu watu wengi wanapozungumza juu ya makosa ya kura za maoni huanza na hesabu. Hesabu ina makosa yake, nami nitayafikia. Lakini katika nchi yetu kosa kubwa zaidi liko kati ya kinywa cha mhojiwa na sikio la mhoji.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kudharau. Wako wenzetu wanaosema, "Watu elfu mbili watasemaje kwa niaba ya wapiga kura milioni ishirini na mbili?" Swali hilo lina jibu, na jibu lake liko katika kila ghala la nafaka. Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia lote sakafuni. Huchukua bambo, akalichoma gunia, akatoa punje chache, akazitazama, kisha akataja bei. Hahitaji bambo kubwa zaidi kwa sababu ghala ni kubwa zaidi. Anachohitaji ni kuchoma mahali pengi, juu na chini, pembeni na katikati, pasipo kuchaguliwa na muuzaji. Muuzaji mjanja hutia mahindi mazuri juu ya gunia. Mnunuzi anayechoma juu peke yake, hata akichoma mara mia, atarudi nyumbani na vumbi na wadudu.

Wamarekani walijifunza jambo hilo kwa aibu mwaka wa 1936. Gazeti lililoitwa Literary Digest lilituma kadi kwa watu wapatao milioni kumi, likapata majibu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon angemshinda Rais Roosevelt. Landon alipata majimbo mawili tu. Majina yale yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika mwaka ule wa dhiki mwenye simu na mwenye gari hakuwa mwananchi wa kawaida. Isitoshe, wanaojisumbua kurudisha kadi si sawa na wale wanaoiacha mezani. Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Basi milioni mbili zilizochotwa vibaya zilishindwa na maelfu yaliyochotwa kwa uangalifu. Lakini Gallup huyo huyo, mwaka wa 1948, alitangaza kwamba Truman angeshindwa, na Truman akashinda. Wapimaji waliacha kuuliza mapema, wakati watu wangali wanabadili nia.

Tuje kwetu. Chukueni kura ya maoni ya wahojiwa 2,000, ambayo kwa Kenya ni ya kawaida. Kiwango chake cha makosa, ikiwa kila jambo limefanywa ipasavyo, ni takriban asilimia mbili na nukta mbili juu au chini. Mgombea aliyepewa 47 huenda yuko 45, huenda yuko 49. Magazeti huyaandika hayo kwa herufi ndogo mwishoni, kisha kichwa cha habari hupiga kelele kwamba fulani "anaongoza" kwa asilimia mbili. Hajaongoza. Tena kosa la tofauti kati ya wagombea wawili wanaokaribiana hukaribia kuwa mara mbili ya kosa la mgombea mmoja, kwa sababu anachokipata mmoja mara nyingi ndicho anachokipoteza mwingine.

Halafu kuna tabia mbaya zaidi, ambayo ninyi mnaotoka kaunti za pembezoni mnaijua. Wahojiwa wale 2,000 hugawanywa katika kaunti 47 kulingana na idadi ya wapiga kura. Katika uchaguzi wa 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni mbili na laki nne. Kwa mgawo huo inapata wahojiwa kiasi cha 218. Lamu ilikuwa na zaidi kidogo ya 80,000. Mgawo wake ni watu saba. Watu saba, ndugu zangu! Hao huweza kutimia katika mashua moja inayovuka kwenda Mokowe. Lakini nimewahi kuona ramani ya Kenya iliyopakwa rangi kaunti baada ya kaunti, kutokana na utafiti wa ukubwa huo, na Lamu nayo imepakwa rangi ya mtu. Mtafiti mwaminifu hukataa kusema lolote juu ya kaunti moja kwa wahojiwa saba. Mwenye kutaka kuuza gazeti hakatai.

Katiba yetu ya 2010 imeongeza ugumu mwingine wa kihesabu. Mshindi wa urais ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka wa 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na asilimia 50.07. Alivuka mstari wa nusu kwa kura zaidi kidogo ya 8,000 katika kura zaidi ya milioni 12. Hakuna bambo duniani linaloweza kuona unywele wa aina hiyo. Mwaka wa 2022 tofauti kati ya William Ruto na marehemu Raila Odinga ilikuwa kura 233,211, yaani chini ya asilimia mbili. Mtafiti akiulizwa siku moja kabla, "Je, kutakuwa na duru ya pili?", jibu la haki ni kwamba chombo chake hakina uwezo wa kujibu.

Sasa nataka nikae kidogo juu ya huo mwaka wa 2022, kwa maana ndio unaotufundisha zaidi.

Katika juma la mwisho lililoruhusiwa kisheria kampuni tatu zinazojulikana zilitoa matokeo yake. Ipsos ilisema Raila 47, Ruto 41. Infotrak ilisema Raila 49, Ruto 42. TIFA ilisema Raila 46.7, Ruto 44.4. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza Ruto 50.49, Raila 48.85, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo hayo Septemba 5, 2022. Watu wakasema kampuni zimehongwa. Mimi, kwa kazi yangu, sipendi tuhuma isiyo na ushahidi, basi niliketi na tarakimu hizo kama ninavyoketi na fomu za kituo. Nikaona jambo ambalo kelele zile zilikuwa zimelifunika. Tazameni tarakimu za Raila: 47, 49, 46.7, na alichopata ni 48.85. Hapo hakuna kosa la maana. Kosa lote lilikuwa upande wa Ruto: 41, 42, 44.4, na alichopata ni zaidi ya 50. Watafiti hawakumpa Raila kura ambazo hakuwa nazo. Walishindwa kuziona kura za mwenzake.

Kama kosa lingalikuwa la bahati tu, kampuni moja ingaliangukia upande huu na nyingine upande ule, kama punje zinavyotawanyika. Zote tatu ziliangukia upande mmoja. Kwa hiyo kulikuwa na sababu moja iliyozivuta zote, na alama yake iko katika safu ambayo hakuna anayeisoma: wale waliosema hawajaamua na wale waliokataa kujibu. Jumlisheni tarakimu za Ipsos za wagombea wawili wakuu mpate 88. Hata ukimwongeza Wajackoya, bado kuna watu kama tisa katika kila mia waliobaki kimya. Inaelekea kwamba wale walionyamaza, wakati ulipofika, hawakugawanyika sawa kwa sawa.

Kwa nini walinyamaza? Hapa nasema maoni yangu, wala si jambo lililothibitishwa. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa amemwunga mkono Raila hadharani. Katika eneo la Mlima Kenya, mtu aliyekusudia kwenda kinyume na rais aliyetoka kwao alikuwa na sababu ya kuufunga mdomo mbele ya mgeni. Mgeni ni nani? Katumwa na nani? Watafiti wa Afrobarometer wana desturi nzuri ya kumwuliza mhojiwa mwishoni, "Unadhani ni nani aliyetutuma?" Na katika nchi nyingi za Afrika, watu wengi hujibu kwamba ni serikali, ijapokuwa wameelezwa waziwazi mwanzoni kwamba sivyo. Mtu anayedhani anazungumza na serikali atasema yanayoipendeza serikali, au hatasema chochote. Ni lile lile daftari la chifu, isipokuwa sasa limevaa suruali ya jeans na kubeba kompyuta ndogo ya mkononi.

Tuongeze suala la kabila, ambalo sisi Wakenya tunalizungumza jikoni na kulikana sebuleni. Watafiti waliochambua takwimu za Afrobarometer za nchi kadhaa wameonyesha kwamba majibu ya watu hubadilika kutegemea kama mhoji ni wa kabila lao au la. Huhitaji shahada kulifahamu hili. Jina la mhoji liko kifuani pake. Mama aliyeketi mbele ya nyumba yake katika eneo lililowahi kuchomwa moto husoma jina hilo kabla ya kusikia swali la kwanza. Ukimpelekea mhoji wa kabila lake atasema linalotarajiwa na kabila. Ukimpelekea wa kabila jingine atasema linalomwondoa mgeni salama.

Na lugha je? Karatasi ya maswali huandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Bibi kizee wa Loiyangalani au Kwale ndani huulizwa kwa lugha ya mama, na tafsiri inafanywa hapo hapo, kila mhoji na maneno yake. Swali "Ungempigia nani kura leo?" hugeuka "Nani atashinda?", na hayo ni maswali mawili mbali mbali kama mbingu na ardhi. Nimewasikia watu wenye elimu wakiyachanganya.

Siku hizi mahojiano mengi hufanywa kwa simu, hasa tangu ugonjwa wa Korona ulipozuia watu kutembeleana mwaka wa 2020. Simu ina faida: ni rahisi, ni ya haraka, na mhojiwa haoni sura ya mhoji. Lakini simu ndani ya nyumba mara nyingi ni ya baba. Kuna mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kilima tu. Na katika nchi iliyojaa matapeli wa simu, ni nani anayepokea namba asiyoijua kisha akamtajia mtu asiyemjua siri ya kura yake? Anayepokea na kujibu ni mtu mwenye nafasi, mwenye kupenda siasa na mwenye kujiamini. Hayo ndiyo mahindi ya juu ya gunia.

Liko pia tatizo la wale wanaosema kweli kisha hawaendi kupiga kura. Kura ya maoni humhesabu aliyeketi nyumbani sawa na aliyepiga foleni tangu alfajiri. Mwaka wa 2017, uchaguzi wa Agosti ulivuta karibu asilimia 80 ya walioandikishwa. Mwaka wa 2022 walijitokeza takriban asilimia 65. Maana yake ni kwamba kati ya kila wahojiwa watatu wa kura ya maoni, mmoja hakuwa mpiga kura. Yupi? Yeye mwenyewe pengine hakujua siku alipohojiwa. Ukimwuliza Mkenya kama atapiga kura, atasema atapiga, kwa maana kusema vinginevyo ni aibu.

Sasa nifike kwenye ugumu ambao nadhani ni wetu hasa, na unaonigusa mimi kama mwanasheria. Mpimaji wa Uingereza akikosea, kesho yake anajua amekosea, na amekosea kiasi gani, kwa sababu matokeo yenyewe hayana shaka. Atatengeneza chombo chake. Sisi tulikuwa na mwaka wa 2007. Kura nyingi za maoni za miezi ya mwisho zilimweka Raila mbele ya Rais Kibaki, kwa tofauti iliyokuwa ikipungua. Tume ikamtangaza Kibaki kwa tofauti ya kura kama laki mbili na thelathini. Ni nani aliyekosea? Tume ya Jaji Kriegler ilichunguza, ikasema kwamba uchaguzi ule uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kujua matokeo ya kweli. Basi watafiti wa 2007 hawajajua hata leo kama walipima vizuri au vibaya. Mwaka wa 2017 Ipsos ilimweka Uhuru mbele kwa 47 dhidi ya 43, na Infotrak ikamweka Raila mbele kwa 47 dhidi ya 46. Tume ikatangaza Uhuru 54. Septemba 1, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi. Utapimaje mizani kwa jiwe lililotupwa na mahakama?

Na msisahau gharama yake. Kura ya maoni hujenga matarajio, na matarajio yaliyovunjwa na tume isiyoaminika huwa petroli. Sisemi kwamba kura za maoni ndizo zilizoua watu zaidi ya 1,100 mwanzoni mwa 2008 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Waliofanya hivyo walikuwa na mikono. Lakini katika majuma yale nilimsikia kila mtu, wa kila upande, akitaja asilimia kama anayetaja hati ya shamba. Kulikuwa hata na kura ya maoni ya watu waliohojiwa wakitoka vituoni, iliyodhaminiwa na International Republican Institute ya Marekani. Matokeo yake hayakutangazwa wakati huo. Taasisi ilisema ina shaka na ubora wake. Katikati ya 2008 ndipo yalipojulikana hadharani, yakimwonyesha Raila mbele kwa kiasi cha asilimia sita. Kama yalikuwa mazuri, yalifichwa yalipohitajika. Kama yalikuwa mabaya, yalitolewa wakati yangeweza kuchoma tu. Mimi sijaweza kuamua lipi lilikuwa kosa kubwa zaidi.

Bunge lilitunga sheria ya utangazaji wa kura za maoni za uchaguzi mwaka wa 2012. Kwa jumla ni sheria nzuri. Inamtaka anayetangaza aseme ni nani aliyelipa, ni nani aliyefanya, lini, kwa watu wangapi, kwa maswali gani, na kiwango cha makosa ni kipi. Nayo inakataza kutangaza matokeo mapya katika siku tano za mwisho. Sina ugomvi na siku tano, ijapokuwa nimeona zinavyotumiwa: pale watafiti halali wanapofunga midomo kwa amri ya sheria, ndipo simu zetu zinapofurika "kura za maoni" zenye nembo za kuibwa, zilizotungwa na mtu chumbani kwake. Anayetii sheria amenyamazishwa, na mwongo amebaki peke yake uwanjani.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba sheria hiyo inashughulikia yanayotangazwa. Haishughulikii yanayofichwa. Na hapo nina kisa changu.

Kabla ya uchaguzi wa 2022 alinijia mama mmoja, muuza mboga na mwenyekiti wa chama cha akina mama, aliyetaka kugombea kiti cha wadi. Chama chake, ambacho sitakitaja, hakikufanya uteuzi wa kura. Kilimpa tiketi mtu mwingine, kikisema kwamba "kura ya maoni ya kisayansi" imeonyesha kwamba ndiye anayependwa. Mama akaniuliza swali moja: "Wakili, walimwuliza nani?" Tulikwenda mbele ya Jopo la Migogoro ya Vyama vya Kisiasa. Niliomba hati ya utafiti huo. Baada ya siku mbili ililetwa karatasi moja, upande mmoja. Ilikuwa na majina matatu na asilimia tatu. Haikuwa na tarehe. Haikuwa na idadi ya wahojiwa, wala swali waliloulizwa, wala jina la aliyeuliza. Asilimia zile tatu zilizidi mia. Nilizijumlisha mara tatu nikidhani kwamba hesabu yangu ya shule ya upili imenisaliti tena.

Huo, wapenzi wasikilizaji, ni mlolongo uliorudi bila hata mistari. Mwaka wa 1988 angalau baba yangu aliweza kuuona mstari mfupi na mrefu kwa macho, akajua alivyodhulumiwa. Mama huyu hakuwa na uwanja wa kutazama. Tulipopata kusikilizwa hadi mwisho, siku za kuwasilisha majina kwa tume zilikuwa zimekwisha. Aliendelea kuuza mboga. Huniuzia hadi leo, na hunipunja kidogo, nami sisemi kitu.

Pengine mtaniuliza: ikiwa mambo yako hivi, si afadhali tuachane na kura za maoni kabisa? Hapana, na nitawapa sababu kutoka nyumbani mwetu wenyewe, upande wa mageuzi. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, na mkutano wa FORD pale Kamukunji Januari 1992 ukafurika watu, kila kiongozi wa upinzani alijipima kwa ukubwa wa mikutano. FORD ikapasuka. Matiba aliona umati wake, Jaramogi wake, Kibaki wake, na kila mmoja akaamini kwamba wenzake ndio wanaopaswa kujiondoa. Desemba 29, 1992, Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Matiba alipata kama 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Kila mmoja alikuwa amehesabu vichwa vya mkutano wake, na mkutano ndio bambo bovu kuliko yote: wanaokuja ni wako, na wengine wao wamekuja na lori la mpinzani kusikiliza tu. Kipimo kinachoaminika na pande zote tatu kingaliwaonyesha wazee wale, miezi mitatu mapema, kwamba hakuna hata mmoja anayeweza peke yake. Labda wasingalisikia. Lakini wasingalipata kusema hawakujua.

Ninyi waangalizi mnayo njia nyingine iliyo bora, nayo ni hesabu sambamba ya kura. ELOG imeitumia katika chaguzi zetu, na mwaka wa 2022 makadirio yake yalilingana na yale ya tume. Kanuni ni ile ile ya bambo: vituo kiasi cha elfu moja vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya zaidi ya 46,000. Tofauti ni kwamba pale hachomwi mtu, inachomwa fomu. Karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo haimwogopi chifu, haisomi jina la kabila kifuani pa mhoji, wala haisemi itapiga kura kisha ikalala. Ndiyo maana nawasihi mlinde fomu zile kuliko mnavyolinda simu zenu. Lakini hesabu sambamba huja baada ya kura. Haiwezi kumwambia kiongozi mwezi Mei kwamba ajiondoe, wala haiwezi kumsaidia mama wa mboga.

Tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027, sheria ya 2012 inahitaji kurekebishwa kwa mambo machache. Chama kinachotoa tiketi kwa kutegemea kura ya maoni kiwe na wajibu ule ule wa kuweka wazi kama gazeti linavyowajibika, na mgombea apewe hati nzima kabla ya muda wa rufaa kuanza kuhesabiwa. Idadi ya waliokataa kujibu ichapishwe kwa herufi za ukubwa ule ule wa asilimia za wagombea. Kampuni ihifadhi majibu ghafi, bila majina ya wahojiwa, ili wengine waweze kuyapitia baada ya uchaguzi. Na aliyelipa atajwe hadi mtu wa mwisho. Kusema kwamba utafiti "umegharimiwa na kampuni yenyewe" kusiwe pazia la kila mwaka.

Rasimu ya marekebisho hayo tumeichapa katika kurasa nne. Nakala ziko juu ya meza pale mlangoni, pamoja na orodha ya maswali tisa ambayo mgombea aliyenyimwa tiketi anapaswa kuyaandikia chama chake siku ile ile, kwa barua, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Walio na wadi za mbali wachukue nakala zaidi ya moja.